Mama, ukiumia unapopimwa usinyamaze, wala usitoroke

Kabla sijaanza, nina ombi kwa akina baba. Mkishaona kichwa cha makala haya msidhani ukurasa wa leo si wenu, mkakimbilia ule wa kandanda. Ketini. Jambo hili linawahusu pia, na mwishoni kuna kazi nitakayowapa.

Hivi majuzi nilikwenda Kasikeu, katika kaunti ya Makueni, kumwona mama mdogo, kitinda mimba katika nyumba aliyozaliwa mamangu. Ukitoka Nairobi unashukia Sultan Hamud, kwenye barabara kuu ya Mombasa, kisha unapanda bodaboda. Nilimkuta uani akipepeta ndengu. Tukazungumza habari za mvua, za karo ya shule, na hatimaye za mazishi. Kijiji kilikuwa kimetoka kumzika mama mmoja aliyekuwa rika lake. Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi.

"Na wewe, mama, ulipimwa lini?" nikamwuliza.

Hakunijibu. Aliendelea kupepeta kwa muda, kisha akaweka ungo chini, akaingia nyumbani na kurudi na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Kadi ilionyesha kwamba alipimwa miaka sita iliyopita, hakupatikana na tatizo lolote, na akaambiwa arudi baada ya miaka mitatu. Hakurudi.

"Sikuogopa majibu, mwanangu," akaniambia. "Niliogopa kile kitanda."

Ndipo akanisimulia. Siku ile aliposhtuka kwa uchungu na kubana mapaja, aliyekuwa akimpima alimwambia: "Mama, umezaa watoto watano, haka kakitu ndiko kanakushinda?" Wengine waliokuwa nje ya pazia wakacheka. Mama mdogo akauma meno mpaka mwisho. Alirudi nyumbani akichechemea, akaapa kimoyomoyo kwamba hatakanyaga tena hapo. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Msomaji, bila shaka unamjua mama kama huyu. Huenda ni mamako, dada yako, au wewe mwenyewe. Tumezoea kusema kwamba wanawake hawaendi kupimwa kwa sababu ya ujinga au uzembe. Lakini wako wengi ambao si wajinga wala wazembe. Walikwenda, wakaumizwa, wakaaibishwa, wakaamua kutorudi. Leo nataka tuzungumze nao.

Kwa nini tunasisitiza kupimwa

Saratani hii husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kugusana sehemu za siri wakati wa kujamiiana. Aliyegundua uhusiano huo ni mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008 kwa kazi hiyo. Virusi hivi ni vya kawaida mno. Watu wengi walioanza maisha ya ndoa huvipata wakati mmoja au mwingine, na aghalabu mwili huvifukuza wenyewe bila mtu kujua. Kwa hivyo kupatikana navyo si ushahidi wa uasherati, na asiwepo mume wa kumfukuza mkewe kwa sababu hiyo.

Shida huja virusi vinapokataa kutoka. Hapo chembechembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, mabadiliko hayo huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani. Kwa yule ambaye kinga yake imepungua, kwa mfano anayeishi na virusi vya HIV bila matibabu, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Hebu tafakari hayo, msomaji. Ni magonjwa mangapi hatari yanayotupa notisi ya miaka 15? Huu ni ugonjwa unaobisha hodi mapema, na mlango ukifunguliwa unazuiwa. Hata hivyo, makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 5,236 na vifo 3,211 katika mwaka huo mmoja. Ukigawanya, ni zaidi ya akina mama wanane kila siku.

Hufanywa nini pale kitandani?

Wengi huogopa kwa sababu hawakuelezwa. Mlango wa kizazi ni ile shingo nyembamba inayounganisha uke na nyumba ya mtoto. Ili muuguzi auone, hutumia kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, wanachokiita spekulamu. Huingizwa kikiwa kimefungwa, kisha hufunguliwa taratibu ili kushikilia kuta za uke.

Kuanzia hapo kuna njia tatu. Ya kwanza, muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwa pamba, akangoja dakika moja au zaidi, kisha akatazama kama kuna mahali palipogeuka kuwa peupe. Njia hii hutoa jibu papo hapo. Ya pili ni ile ya Pap, ambapo chembechembe hukwanguliwa kidogo kwa brashi na kupelekwa maabara. Ya tatu ni kupima virusi vya HPV vyenyewe, na nitarudi kwayo baadaye maana ina habari njema.

Kazi yote huchukua dakika chache. Wanawake wengi huhisi kusukumwa au kuvutwa, kama maumivu ya hedhi, na siki huwasha kidogo. Lakini si wote. Wapo wanaoumia sana, na hawajifanyi.

Uchungu unatoka wapi?

Kwanza ni woga. Mtu akiogopa, misuli ya nyonga hujikaza yenyewe bila yeye kutaka. Kifaa kikilazimishwa kwenye misuli iliyokaza huuma, na uchungu huo huongeza woga, nao woga huikaza misuli zaidi. Ndiyo maana kumkemea mama "jilegeze!" hakusaidii kitu. Hakuna aliyewahi kulegea kwa kufokewa.

Pili ni ukavu. Mama anayenyonyesha, na yule aliyekoma hedhi, huwa na uke mkavu kwa sababu homoni zimepungua. Tatu ni kovu la kuchanika wakati wa kujifungua au la kukeketwa. Nne ni maambukizi ambayo hayajatibiwa. Tano ni maumbile. Wako wanawake ambao nyumba ya mtoto imelalia upande wa nyuma, na mlango wake huwa mgumu kuupata. Sita ni kifaa kisicho cha kipimo chake. Spekulamu zina saizi, kama viatu. Na saba ni jambo tusilopenda kulitaja, nalo ni kwamba yuko mwanamke aliyewahi kunajisiwa. Kwake kulala chali mbele ya mtu asiyemjua ni kurudishwa siku ile.

Kwa hivyo, ule usemi kwamba mtu aliyezaa watano hawezi kuumizwa na kitu kidogo hauna msingi. Kuzaa hakuondoi fahamu za mwili. Tena dharau hii ya kuona uchungu wa mwanamke si kitu ni ya zamani. Katika miaka ya 1840 huko Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims aliwafanyia wanawake watumwa upasuaji wa sehemu za siri, mara nyingi na bila dawa ya kuondoa uchungu. Majina ya watatu kati yao yanajulikana: Anarcha, Lucy na Betsey. Humo ndimo alimobuni aina mojawapo ya kifaa hiki tunachokizungumzia. Sanamu yake iliyokuwa New York iliondolewa mwaka wa 2018, baada ya watu kudai kwamba wanawake wale nao wakumbukwe.

Jitayarishe kabla hujatoka nyumbani

Chagua siku ambayo huko hedhini. Siku mbili kabla ya kwenda, usijamiiane, usitie dawa wala kujisafisha ndani. Kama unajua huwa unaumia, unaweza kumeza tembe za kawaida za maumivu, kama vile Panadol, saa moja hivi kabla. Kama una mimba, vidonda vya tumbo au unatumia dawa nyingine, uliza kwanza ni tembe zipi zinazokufaa.

Vaa rinda au sketi pana badala ya suruali, ili usilazimike kuvua kila kitu, na ubebe leso ya kujifunika miguu. Nenda haja ndogo kabla ya kuitwa, kwa kuwa kibofu kilichojaa huongeza maumivu. Na kama unaweza, mchukue mtu unayemwamini akusindikize. Kama ulikwisha koma hedhi na una ukavu, mweleze daktari mapema. Zipo dawa za kupaka zinazoweza kutumiwa kwa majuma kadhaa kabla ya kipimo.

Ndani ya chumba, sema

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Kabla hujapanda kitandani, ukiwa bado umevaa nguo zako, mwambie muuguzi hivi: "Sista, mara ya mwisho niliumia sana. Naomba twende polepole, na nikiinua mkono tafadhali usimame kwanza." Maneno hayo hayana utovu wa adabu hata chembe. Muuguzi aliyefunzwa vyema atayafurahia, kwa sababu mama aliyetulia humrahisishia kazi.

Omba kifaa kidogo zaidi. Omba kipashwe joto kwa maji ya uvuguvugu kama ni cha chuma, na kilainishwe. Omba muuguzi wa kike kama huo ndio utulivu wako, na mlango au pazia lifungwe. Omba akueleze kila hatua kabla ya kuifanya. Ukipenda, omba uingize kifaa wewe mwenyewe kwa mkono wako. Yeye atakiweka sawa.

Ukishalala, weka ngumi zako chini ya makalio ili kuinua nyonga. Hiyo husaidia hasa kwa yule ambaye nyumba ya mtoto imelala nyuma. Legeza taya, na utoe pumzi ndefu kwa mdomo wakati kifaa kinapoingia. Usiishike pumzi. Na ukizidiwa, inua mkono ule. Una haki ya kusema "basi kwa leo." Kuahirisha si kushindwa, mradi upange siku nyingine kabla hujatoka langoni.

Na iwapo utakutana na mtu wa kukudharau? Usibishane naye ukiwa kitandani. Shuka, vaa, kisha umwone msimamizi wa kituo. Halafu nenda kituo kingine. Tusiache ulimi mbaya wa mtu mmoja utugharimu maisha.

Iko njia isiyo na kile kifaa

Sasa ile habari njema. Kipimo cha virusi vya HPV hakihitaji lazima mtu akutazame. Mwanamke hupewa kijiti chenye pamba au brashi laini, akajifungia faraghani, akakiingiza ukeni mwenyewe, akakizungusha na kukirudisha kwenye kichupa chake. Shirika la Afya Duniani limeikubali njia hii. Wizara yetu ya afya nayo, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2018, ilipendekeza kipimo cha HPV kwa wanawake wa miaka 30 na zaidi, kila baada ya miaka mitano ikiwa majibu ni mazuri. Wanaopimwa kwa siki au kwa Pap hurudi kila baada ya miaka mitatu, kuanzia miaka 25. Anayeishi na HIV hupimwa mara nyingi zaidi. Aulize kliniki yake.

Si kila zahanati iliyo na kipimo hicho, lakini kuuliza si utumwa. Uliza kituo kilicho karibu nawe, na wakikosa, uliza hospitali kubwa ya kaunti. Elewa tu kwamba majibu yakionyesha virusi, itabidi utazamwe kwa kile kifaa. Na yule anayetokwa na damu baada ya kujamiiana, katikati ya hedhi mbili au baada ya kukoma hedhi, au anayetokwa na uchafu wenye harufu usiokwisha, asijitegemee kwa kijiti. Amwone daktari moja kwa moja.

Tulivyorudi na mama mdogo

Sikumsukuma. Nilimwambia tu nitakuja tena, na akitaka twende pamoja. Baada ya majuma mawili akanipigia simu. "Njoo na leso yako moja," alisema. "Zangu zimefifia."

Tulikwenda kituo kingine. Nilikaa upande wa kichwa chake, nikamshika mkono. Alipofunguliwa mlango alisimama kidogo kizingitini, na nikadhani atageuka. Kisha akamweleza muuguzi yote, hata lile la kuchekwa. Muuguzi, binti wa umri wa bintiye, aliweka kalamu chini na kusema: "Pole sana, mama. Hawakukutendea vyema." Nakuambia, msomaji, nadhani maneno hayo yalilegeza misuli kuliko tembe tulizomeza.

Aliinua mkono mara moja. Muuguzi akasimama, akangoja, wakaendelea. Siki ilipopakwa, palionekana mahali padogo palipogeuka kuwa peupe. Hapakuwa na saratani. Zilikuwa chembechembe zilizoanza kubadilika, zile zinazobisha hodi. Alielezwa, akakubali, na siku hiyo hiyo zikachomwa kwa kifaa cha joto.

Iliuma? Ndiyo, aliumwa na tumbo kama la hedhi kwa muda, na sitakudanganya kwamba hakuna uchungu kabisa. Lakini safari hii aliambiwa utakuja, utakaa kiasi gani, na kwamba angeweza kuusimamisha. Alishauriwa asijamiiane kwa majuma manne, atarajie majimaji kutoka kwa siku kadhaa, na arudi upesi akipata homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu makali. Kadi yake mpya inasema arudi baada ya mwaka mmoja. Ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje jina lake.

Tukiwa kwenye bodaboda nilihesabu kimoyomoyo. Miaka mitatu alichelewa kwa sababu ya sentensi moja. Angechelewa mingine kumi je?

Kazi kwa kila mtu nyumbani

Akina baba, kazi yenu ndiyo hii: toeni nauli, bakini na watoto, na mwulizeni mama jioni, "Walikutendea vipi?" Kisha msikilize. Virusi hivi hubebwa na wanaume pia, ingawa kwenye kitanda kile halali mwanamume.

Wanafunzi, nanyi msijione mko mbali. Chanjo ya HPV ilijaribiwa kwa jirani zetu wa kaunti ya Kitui mwaka wa 2013, kwa wasichana wa darasa la nne, na ikaenezwa nchini kote Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wale wa Kitui sasa wamekuwa watu wazima. Aliyechanjwa ana kinga kubwa, lakini chanjo haizuii aina zote za virusi, kwa hivyo akifikia umri wa kupimwa naye aende. Na kama una mdogo wako ambaye hajachanjwa, waulize wazazi.

Wauguzi wetu, najua mlivyo wachache na foleni zilivyo ndefu. Siwalaumu nyote. Nawaomba jambo moja lisilogharimu shilingi: mama akisema anaumia, mwaminini.

Nawe mama uliyeificha kadi yako kabatini, itoe leo. Tazama tarehe. Kama imepita, hujachelewa. Rudi, lakini safari hii usirudi kimya.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.